Mizani ya Mwizi

Hakuna ukelele ukusanyao watu upesi mjini kuliko ukelele wa "Mwizi!" Muuza machungwa huacha meza yake, fundi cherehani huacha nguo nusu, na mpita njia ambaye hakuibiwa kitu, wala hakuona kilichoibwa, huinama akaokota jiwe. Katika muda wa dakika chache kijana aliyenyakua simu au mkoba huwa amekwisha kuhukumiwa na mahakama isiyo na hakimu, wala shahidi, wala rufani. Mara nyingi hukumu hiyo ni kipigo. Mara nyingine ni petroli na tairi. Habari za namna hii zimeandikwa katika magazeti ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa miaka mingi, hata wasomaji wengi huzipita kama wapitavyo bei za mazao. Na katika mji uo huo, siku iyo hiyo, huweza kuwapo mtu mwingine aketiye ofisini, ambaye kwa sahihi moja ameondoa fedha zilizokuwa zijenge zahanati. Huyo hapigwi mawe. Akipita, watu humpisha njia na kumwamkia.

Tofauti ya watu hawa wawili yazusha swali ambalo wanafalsafa, mahakimu na wanazuoni wa elimu ya jamii wamelibishania kwa muda mrefu. Ikiwa ni kweli kwamba jamii isiyogawa kwa haki mali, elimu na heshima hujizalia wahalifu kwa mikono yake yenyewe, je, mhalifu akamatwapo hatia ni ya nani? Ni yake peke yake, ni ya jamii peke yake, au ni ya wote wawili? Na ikiwa ni ya wote wawili, hugawanywa kwa mizani gani? Swali hili si la wanavyuo tu. Kila mtu aliyesimama katika kundi lile na jiwe mkononi amekwisha kulijibu, ijapokuwa hakupata kuliuliza.

Jibu la kwanza ni la kale, nalo lina nguvu. Lasema ya kuwa mwanadamu amepewa akili ya kupambanua na hiari ya kuchagua. Kwa hiyo atendaye ovu amelichagua, na achaguaye hulipa. Jibu hili lina heshima ndani yake, maana humtendea mhalifu kama mtu mzima mwenye nafsi, si kama jani lipeperushwalo na upepo. Hulinda pia desturi ya malezi, kwa kuwa mzazi hawezi kumfunza mwanawe uaminifu huku akimwambia kwamba wizi ni kazi ya hali ya hewa. Lau kama mambo yote yangeishia hapa, pasingekuwa na haja ya elimu ya jamii katika jambo la uhalifu. Polisi, gereza na mahubiri yangetosha.

Lakini jibu hilo lilipata mtihani mgumu pale watu walipoanza kuhesabu. Serikali ya Ufaransa ilianza kuchapisha hesabu za makosa na hukumu za nchi nzima mwaka 1827. Mara baada ya hapo watu wawili walizichungua hesabu hizo kwa bidii: mwanasheria wa Kifaransa, André-Michel Guerry, aliyetoa kitabu chake mwaka 1833, na mtaalamu wa nyota na hesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliyetoa chake mwaka 1835. Waliona ajabu. Ikiwa kila uhalifu ni tendo la hiari ya mtu mmoja, lililozaliwa moyoni mwake na kufia moyoni mwake, mtu angetazamia hesabu hizo ziruke huku na huku pasipo utaratibu. Hazikuruka hivyo. Mwaka hata mwaka, idadi ya wauaji, ya wezi, na hata ya silaha zilizotumiwa, ilikaribiana sana na ya mwaka uliotangulia. Quetelet akafikia neno lililowaudhi wengi: kwamba jamii hutayarisha uhalifu, na mhalifu huwa kama chombo tu cha kuutekeleza.

Hesabu zile zile zilifundisha jambo la pili, nalo husahauliwa mara nyingi na wale watakao kumtetea maskini. Haikuonekana kwamba palipo na umaskini mwingi ndipo palipo na wizi mwingi. Creuse, mojawapo ya wilaya za Ufaransa zilizohesabiwa kuwa maskini, ilikuwa miongoni mwa zenye makosa machache, na makosa juu ya mali yalizidi katika sehemu za kaskazini zilizokuwa na biashara, viwanda na shule nyingi. Quetelet alieleza kwamba mahali ambapo watu wote ni wahitaji, na haja zao ni ndogo, kila mtu huishi kwa kadiri yake. Hatari hutokea pale utajiri na ufukara vikaapo ukuta kwa ukuta, na pale mtu aliyekuwa na nafasi anapoipoteza ghafula. Kwa maneno mengine, njaa peke yake haimfanyi mtu mwizi. Njaa iliyoelekea dirisha la mwenye shibe ina habari nyingine.

Wazo hili lilipata umbo lake maarufu miaka mia moja baadaye. Émile Durkheim wa Ufaransa alikuwa amekwisha kueleza, katika kitabu chake cha mwaka 1897 juu ya kujiua, hali aliyoiita anomia, yaani hali ya jamii ambayo kanuni zake zimelegea hata tamaa za watu hazina tena mpaka. Mwaka 1938 Mmarekani Robert Merton, aliyezaliwa katika nyumba ya wahamiaji maskini mjini Philadelphia, alilichukua neno hilo na kulipa maana mpya. Alisema kwamba kila jamii huwafundisha watu wake mambo mawili: malengo ya kuyatamani, na njia za halali za kuyafikia. Katika nchi yake lengo lilikuwa moja kwa wote, nalo ni mali. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mfagizi waliambiwa shuleni, kanisani na katika magazeti kwamba mwenye bidii hufanikiwa na asiyefanikiwa ni mvivu. Lakini njia za halali hazikuwa moja kwa wote. Mmoja alizikuta zimefunguliwa, na mwingine alikuta mlango umefungwa na ufunguo hauonekani.

Merton alionyesha kwamba mtu aliyewekwa baina ya lengo na mlango uliofungwa huweza kufanya mojawapo ya mambo matano. Huweza kushika lengo na njia zake kwa uvumilivu, kama wafanyavyo walio wengi. Huweza kulishika lengo na kuzitupa njia, akabuni njia yake mwenyewe, na huyo ndiye mwizi, mlaghai na mfanya magendo. Huweza kulikatia tamaa lengo lakini akaendelea kushika njia kama mazoea, kama karani asiyetumaini kupanda cheo lakini asiyechelewa kazini hata siku moja. Huweza kuyatupa yote mawili, akaangukia ulevi na kuzurura. Na mwisho huweza kuyakataa yote mawili na kutaka kuweka mengine mahali pake, na huyo ndiye mwasi. Ajabu ya maelezo haya ni kwamba mwizi haonekani tena kuwa mtu aliyekataa mafundisho ya jamii yake. Ameyapokea mno. Ameamini kama waaminivyo jirani zake kwamba asiye na kitu si kitu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka bahari kuupima ukweli wa maneno haya. Kijana aliyemaliza shule akaja mjini hukuta gari, nyumba na nguo zikitangazwa katika kila pembe ya barabara kama haki ya kila mtu mwerevu. Akiomba kazi, huulizwa ana nani. Akiuza karanga barabarani, huweza kunyang'anywa sinia kwa kuwa hana leseni. Akirudi kijijini mikono mitupu, huchekwa na waliomchangia nauli. Methali husema mkono mtupu haulambwi. Naye amejifunza maana yake kwa ulimi wa watu wote. Hapana hata mmoja aliyemwambia, "Iba." Lakini watu wengi sana wamemwambia kwamba heshima hununuliwa, na wachache sana wamemwonyesha pesa zake zapatikana wapi.

Yuko atakayesema kwamba tabia ya mtu hutokana na kabila lake au damu yake, wala si mahali akaapo. Dai hili lilijaribiwa Chicago. Clifford Shaw na Henry McKay, katika kitabu chao cha mwaka 1942, walichora ramani za mji ule kwa kufuata kumbukumbu za mahakama ya watoto tangu mwanzo wa karne ya 20. Mitaa iliyozunguka katikati ya mji, iliyokuwa na nyumba mbovu, kodi ndogo na wakazi wa kuhamahama, ilitoa watoto wengi wahalifu kuliko mitaa mingine. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba wakazi wa mitaa hiyo walikuwa wakibadilika. Walikaa Wajerumani na Wairishi, wakaondoka. Wakaja Waitaliani na Wapolandi, nao wakaondoka. Wakaja watu weusi kutoka kusini. Kila taifa lilipokaa pale lilisemwa kuwa lina uhalifu katika damu, na kila lilipopata nafasi ya kuhamia mitaa iliyo bora, uhalifu wa watoto wake ulipungua. Mitaa ile ilibaki na makosa yake ikiwangoja wapangaji wapya.

Wengine walifuata na kusahihisha. Richard Cloward na Lloyd Ohlin waliandika mwaka 1960 kwamba hata njia za haramu hazigawanywi sawa: si kila kijana anayeweza kuwa jambazi mkubwa, kwa kuwa ujambazi nao una walimu wake, masoko yake na jamaa zake. Aliyenyimwa shule ya halali na ya haramu huishia kupigana barabarani kwa ajili ya jina tu. Judith na Peter Blau, mume na mke, walichungua miji mikubwa 125 ya Marekani, na mwaka 1982 wakaeleza kwamba vitendo vya kutumia nguvu vilifuatana na tofauti ya mali, hasa ile iliyogawanywa kwa mstari wa rangi, zaidi kuliko vilivyofuatana na umaskini wenyewe. Wako wataalamu waliopata majibu yaliyotofautiana nao juu ya uzito wa umaskini. Lakini wengi hukubali kwamba tofauti inayoonekana kuwa ya dhuluma huleta uchungu ambao uhaba wa kawaida hauleti.

Tena mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walirudi Chicago, wakawahoji wakazi 8,782 wa mitaa 343. Waliuliza maswali ambayo bibi wa Kiswahili angeyaelewa pasipo mkalimani: je, jirani zako huaminiana? Ukiona watoto wa mwenzako wanatoroka shule au wanaharibu ukuta, utawakanya? Palipokuwa na imani na ujirani wa namna hiyo uhalifu wa nguvu ulikuwa mdogo, hata ikiwa watu ni maskini. Lakini palipokusanywa umaskini mahali pamoja, na watu wakawa wapangaji wa kupita, imani hiyo ilikuwa vigumu kuota. Kwa hiyo ukosefu wa usawa hufanya kazi yake kwa mikono miwili: mkono mmoja huwasha tamaa ya kijana, na mkono wa pili huwaondoa wazee ambao wangemkanya.

Hata hapa pana mtego. Mtu akisoma maelezo haya yote upesi, huweza kufunga kitabu akiamini kwamba uhalifu ni mali ya maskini, na kwamba tofauti iliyobaki ni ya huruma tu: wengine humpiga maskini kwa uhalifu wake na wengine humwonea huruma kwa uhalifu wake. Edwin Sutherland aliuona mtego huo. Mwaka 1939, akiwa rais wa chama cha wanazuoni wa elimu ya jamii wa Marekani, aliwaambia wenzake kwamba wamekuwa wakihesabu wahalifu magerezani, na magereza hayachukui watu wa kila namna. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 alichungua makampuni makubwa 70 ya nchi yake, akakuta maamuzi 980 yaliyotolewa na mahakama na mabaraza juu yao kwa kuvunja sheria. Hapakuwa na kampuni hata moja iliyokosa. Majina ya makampuni hayo yalilazimika kuondolewa kitabuni, nacho kilichapishwa kwa ukamilifu wake mwaka 1983, miaka zaidi ya 30 baada ya mwandishi kufariki. Mwizi wa kuku hutajwa jina lake gazetini siku ya pili.

Tanzania nayo ilipata kulitazama jambo hili uso kwa uso. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake juu ya rushwa mwaka 1996, ilitofautisha wapokeao rushwa ndogo ili kuongezea mishahara isiyotosha na wale wakubwa wapokeao kwa uchu wa mali, ingawa hawana wasichokuwa nacho. Katika tofauti hiyo mmejaa somo zima. Ukosefu wa usawa huzaa makosa katika ncha zote mbili za ngazi: chini huyazaa kwa kubana, na juu huyazaa kwa kulegeza. Aliye chini huvunja sheria kwa kuwa haoni mlango. Aliye juu huivunja kwa kuwa haoni mlinzi.

Lugha yenyewe imeingia katika upendeleo huu. Kiswahili kina neno fupi na kali kwa maskini: ameiba. Lakini kwa mwenye cheo huwa na maneno laini na marefu: pana upotevu, pametokea ubadhirifu, fedha hazikutumika kama ilivyokusudiwa. Yakizidi kuwa makali husemwa kwamba amekula. Na nani huweza kumchukia sana mtu kwa kula? Neno mhuni ni mfano wa pili. Katika kamusi za zamani lilikuwa na maana ya mtu asiye na makao maalumu, na hata asiyeoa. Katika siku za ukoloni wakubwa wa mji wa Dar es Salaam walilitumia kwa vijana wasio na kazi, ambao walikamatwa na kurudishwa mashambani. Polepole asiye na nyumba akawa mtu mwovu, ingawa hakuongeza kosa lolote isipokuwa kutokuwa na nyumba.

Historia ya neno hilo yafuatana na historia ya sheria. Uingereza, mwaka 1349, tauni ilipoua watu wengi na vibarua wakawa adimu, ilitolewa amri ya kuwalazimisha wenye nguvu kufanya kazi kwa ujira wa zamani, na kukataza kuwapa sadaka. Mwaka 1824 ilitungwa sheria juu ya wazururaji, na mizizi yake ikapandwa katika makoloni. Kenya ilikuwa na sheria ya kipande tangu mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza; mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alipaswa kutembea nacho, na kutokuwa nacho kulikuwa kosa. Uhuru ulipokuja bendera zilibadilika, lakini vifungu vingi juu ya wavivu na wazururaji vilibaki vitabuni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilikifuta kifungu kimoja cha namna hiyo katika kesi ya mchuuzi wa barabarani. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vingine. Na tarehe 4 Desemba 2020, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni yake kwamba sheria zinazomfanya mtu kuwa mkosaji kwa sababu ya hali yake, wala si kwa tendo lake, hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zapasa kuzibadili au kuzifuta. Basi yako makosa ambayo ukosefu wa usawa hauyachochei tu, huyatunga.

Baada ya ushahidi huu wote yako mashaka mawili ambayo mtu mwaminifu hana ruhusa ya kuyapita. Shaka la kwanza ni hili: maskini walio wengi hawaibi. Katika chumba kimoja hulala ndugu wawili waliolelewa na mama mmoja kwa uji mmoja. Mmoja huamka usiku kuvunja duka, na mwingine huamka alfajiri kusukuma mkokoteni. Ikiwa hali ndiyo iliyomtuma wa kwanza, ni nani aliyemzuia wa pili? Shaka la pili ni zito zaidi. Maskini aibapo, mara nyingi humwibia maskini mwenzake. Hafiki kwenye nyumba yenye ukuta na mlinzi; hufika kwa mjane mwenye banda la kuku, na kwa mchuuzi anayelala na faida yake ndani ya kanga. Anayesema kwamba mwizi hana hatia kwa kuwa ni maskini, humtukana yule mjane mara mbili: humnyima haki yake, na humwambia kwamba uaminifu wake mwenyewe katika umaskini ulikuwa bahati tu.

Mashaka haya ni ya kweli, lakini hayaangushi hesabu za wanazuoni. Huonyesha mpaka wake. Elimu ya jamii husema habari za wengi, na mahakama husema habari za mmoja. Mtaa ukitoa wezi kumi kwa kila vijana mia, nao mtaa wa pili ukitoa mmoja, elimu ya jamii ina haki ya kuuliza juu ya wale tisa waliozidi, nayo itatafuta jibu katika nyumba, shule, kazi na kodi. Lakini haiwezi kumnyoshea kidole kijana huyu au yule na kusema kwamba alikuwa hana budi. Hakimu naye aweza kumuuliza huyu kijana alichokitenda usiku ule; hawezi kwa kumfunga yeye kuondoa sababu ya wale tisa. Kosa la watu wengi ni kulitumia jibu la swali moja kwa swali la pili. Mwenye huruma pasipo kufikiri huchukua hesabu ya wengi akamfutia mmoja hatia. Mwenye ukali pasipo kufikiri huchukua hatia ya mmoja akaifutia jamii hesabu.

Chini ya makosa hayo mawili liko wazo moja lililojificha, kwamba hatia ni kama mkate: kipande akipewa mmoja, hupungua kwa mwingine. Wazo hilo si la kweli. Watu wawili wakibeba jeneza, uzito hugawanyika; lakini watu wawili wakila njama kumwua mtu, kila mmoja ni muuaji kamili. Jamii inayomfungia kijana milango yote ina hatia yake nzima kwa kumfungia, na kijana anayemwibia mjane ana hatia yake nzima kwa kumwibia. Kuitaja moja hakupunguzi nyingine. Kinachobadilika ni haki ya kuadhibu. Baba asiyemlisha mwanawe huweza kuwa na mtoto mwizi. Ukweli wa wizi hauondoki, lakini baba huyo akishika fimbo, mkono wake una jambo la kujibu kabla haujashuka.

Liko simulizi katika Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, linalojulikana kwa wanafunzi wengi wa sheria ya Kiislamu, na ambalo hulipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Watumwa wa mtu mmoja wa Madina waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Walipelekwa mbele ya Khalifa Umar bin al-Khattab, naye kwanza akaamuru wakatwe mikono. Kisha akamgeukia bwana wao, akasema kwamba yeye anaona huwaacha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei ya mnyama wake. Akajibiwa kwamba alikuwa amekataa kumwuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru bwana wa watumwa amlipe dirhamu 800.

Yafaa kutazama kila jambo lililofanywa katika hukumu hiyo. Wizi haukuitwa kwa jina jingine. Wizi ulibaki wizi. Mwenye ngamia hakuambiwa avumilie hasara yake kwa kuwahurumia wenye njaa. Alirudishiwa, tena kwa ziada. Na aliyewaweka wenzake katika njaa hakuruhusiwa kusimama miongoni mwa watazamaji kama mtu asiyehusika. Aliitwa mbele akalipa. Msomaji wa siku hizi ataona pia lile ambalo hukumu haikuligusa, yaani kwamba wale watu walikuwa watumwa. Bwana wao alitozwa kwa kuwanyima chakula, hakuulizwa kwa kuwamiliki. Hilo nalo ni somo. Kila zama huweza kuona njaa iliyo dhahiri na kushindwa kuona ile tofauti kubwa ambayo imekwisha kuzoeleka hata yaonekana kama umbile la dunia.

Kutokana na mizani hiyo yaweza kusemwa yapasayo jamii. Kwanza, aliyeibiwa apate haki yake, na hasa aliye maskini, kwa kuwa hana benki wala bima ya kumfuta machozi. Pili, aliyeiba ajibu kwa tendo lake mbele ya hakimu, kwa kadiri ya tendo lake, wala si kwa kadiri ya hasira ya kundi. Tatu, sheria iwe na macho mawili, la kutazama barabarani na la kutazama ofisini; maana sheria yenye jicho moja huwafundisha vijana kwamba dhambi si kuiba bali kuiba kidogo. Nne, gharama ya shule, kazi, nyumba na ujirani isihesabiwe kuwa sadaka ya matajiri kwa wanyonge. Ni deni, kama zile dirhamu 800. Na deni lisilolipwa kwa hiari hudaiwa usiku, kwa mikono mibaya, na mara nyingi kwa mtu asiyelikopa.

Hayo yote hayatamaliza uhalifu. Durkheim mwenyewe alifundisha kwamba hapana jamii isiyo na makosa, na nchi zenye usawa mkubwa zina wezi wao. Lakini kati ya mtaa wenye mwizi mmoja na mtaa wenye wezi kumi pana tofauti ya maisha na mauti kwa mjane, kwa mchuuzi, na kwa wale vijana tisa ambao wangeweza kuwa kitu kingine.

Kundi lile bado limesimama barabarani na kijana yuko chini. Wengi waliomzunguka ni maskini kama yeye, nao wana haki ya kuukasirikia wizi, kwa kuwa huwala wao kwanza. Lakini wanampiga kwa makosa ya watu wawili, na mmoja hayupo. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya kijana huyu si kuachiwa. Haki yake ni kufikishwa mahali ambapo swali litaulizwa lote: ameiba nini, na kwa nani, na ni nani mwingine anayepaswa kuitwa.